Marahaba ya Mama Violeth

Mara ya kwanza walipomtupia neno lile, Efrazia aligeuka akidhani anasalimiwa. Ilikuwa siku ya mnada Katesh, naye amekaa nyuma ya gunia lake la vitunguu saumu. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa anapita taratibu akitafuta abiria. Alipomfikia alivuta mdomo, akaifanya sauti yake iwe nyembamba na yenye kutetemeka.

"Marahaba, mwanangu," alisema, kisha akatupa kichwa nyuma kama mtu anayelia. Wenzake kijiweni wakacheka hadi mmoja akashika tumbo.

Efrazia naye akatabasamu. Mtu akicheka mbele yako na hujui anachocheka, heshima ni kutabasamu. Tekla, anayeuza maharage pembeni yake, ndiye aliyemfungua macho. Hakutaka. Alianza kwa kusema ni mambo ya vijana, asiyajali, na kwamba hata yeye aliiona kwa bahati mbaya tu. Mwisho akatoa simu, akaikinga jua kwa kiganja.

Video ilikuwa ya sekunde nane. Ilionyesha nyumba iliyozama kwenye tope hadi usawa wa madirisha. Mlangoni alisimama msichana mwenye sweta la shule, uso wake kivulini, akasema, "Shikamoo, mama." Kisha ukaja uso wa mwanamke mwenye kitenge cha kijani. Mwanamke akaitikia, na hapohapo sauti ikampasuka. Chini pakatokea maandishi mekundu: Mlango wa Tope, filamu fupi ya kusisimua, inakuja.

Efrazia alijitazama magotini. Alikuwa amevaa kitenge kilekile.

Akamrudishia Tekla simu yake, akafunga gunia likiwa halijafika nusu, akaondoka. Njiani alipishana na watoto watatu wa shule. Wakainamisha vichwa, wakamsalimu kwa pamoja. Aliwapita bila kuitikia, akiwa amefumba mdomo kama aliyebeba maji ndani yake.

*

Wiki ya kwanza Yoakimu alidhani mkewe anaumwa jino. Wiki ya pili majirani walianza kusema. Walisema Mama Violeth amepata kiburi tangu aonekane kwenye filamu, na kwamba siku hizi ukimsalimu anakutazama tu. Mwanamke mmoja aliapa kwamba amelipwa mamilioni na chuo cha bintiye na ndiyo maana hataki watu. Mambo hayo yalimfikia Yoakimu kisimani, kwenye mashine ya kusaga, na hata nje ya kanisa, ambako mzee mwenzake alimshika mkono na kumwuliza kama nyumbani kuna amani.

Katika nyumba ile neno marahaba lilikuwa na mwenyewe. Zamani walisalimiana Kiiraqw tu. Kisha Hilda, mtoto wao wa pili, akaanza darasa la kwanza, na siku ya pili alirudi nyumbani akasimama mlangoni, mkoba mgongoni, akasema shikamoo mama, na akakataa kuingia ndani mpaka aitikiwe. Mama yake alicheka akamwambia aache ukaidi. Mtoto hakusogea. "Sema marahaba, mwanangu," alimfundisha, "mwalimu amesema ndivyo mama anavyosema." Tangu siku hiyo ukawa ndio mchezo wao, asubuhi na jioni, hadi Hilda alipofika kidato cha kwanza, na hadi Jumapili ile ya Desemba mlima ulipoteremsha tope juu ya Jorodom, kitongoji chao hapo Katesh.

Walimpata Hilda chini ya tope, wakamzika. Kitu ambacho Efrazia hakukipata ni sweta lake la shule, lile la bluu ambalo Hilda alilivaa hata siku za jua. Alitaka azikwe nalo. Alilitafuta siku mbili kwa mikono, mpaka wanaume wakamwondoa. Baadaye familia ilihamia nyumba nyingine, mbali na mlima, na nyumba ya zamani ikabaki imesimama na tope lake.

Jumamosi ya wiki ya tatu Gerald alikuja mwenyewe, na kilo mbili za sukari. Huyu alikuwa mwongozaji wa filamu, kijana wa Bashay anayesoma chuo kimoja na binti yao Violeth, Mbulu mjini. Alikuwa hodari, mwepesi wa maneno, na chuo kilikuwa kimempa tabia ya kuwasalimu watu wote kama rika lake.

"Mambo, mama," alisema akivuka kizingiti.

Yoakimu alitazama kiatu cha kijana huyo kikikanyaga sakafu yake. Gerald alikaa kabla hajakaribishwa, akasema video imetazamwa na watu elfu kumi na moja, na kwamba mama sasa ni staa, watu wa Arusha wanamwulizia. Alisema hivyo kwa furaha ya kweli, kama anayeleta habari za mtoto kufaulu. Efrazia akanyanyuka, akaichukua sukari, akaiweka nje juu ya jiwe la kufulia, akarudi akakaa. Kijana alicheka kidogo, akamtazama Yoakimu, kisha akaelewa kuwa ameagwa.

"Nitakwenda Bashay," Yoakimu alisema kijana alipoondoka, mkono tayari uko kwenye fimbo. "Nikamwulize baba yake kama anafuga mtoto au fisi."

"Ukienda na fimbo, na hiyo wataichukua video," Efrazia alisema.

Yoakimu aliirudisha fimbo pembeni ya mlango. Kuku walikuwa wameshatoboa mfuko wa sukari.

*

Violeth, aliyekuja nyumbani kwa mwisho wa juma, aliyasikia yote kutoka jikoni. Hakutoka. Alikuwa msichana wa maneno machache, anayejibu akiulizwa na kunyamaza akiachwa, na watu walimsifu kwa hilo. Wazazi wake waliamini kwamba siku ya filamu alikuwa mbali na kamera, na kwamba kilio kilipotokea ndiye aliyekimbia akamdaka mama yake kabla hajaanguka. Sehemu ya pili ilikuwa kweli. Sehemu ya kwanza waliiamini kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Ilikuwa hivi. Mwalimu Isidori aliwapa wanafunzi kazi ya kutengeneza filamu fupi ya kusisimua kwa vikundi. Gerald aliandika kisa cha msichana anayerudi kwenye nyumba alimouawa, na Violeth, alipoulizwa kama kwao Hanang kuna nyumba ya kufaa, alisema ipo. Siku ya kupiga picha Gerald aliingia kwa dirisha kuangalia mahali pa kuweka kamera. Nyuma ya mlango uliozama, akifukua kwa kijiti, alivuta sweta limekauka kama ngozi. Alilikung'uta, akafurahi, akampa Glory, aliyekuwa anaigiza marehemu.

Violeth alikuwa hatua nne tu kutoka pale. Aliiona herufi H ya uzi mwekundu kwenye kola. Aliuona mdomo wa Glory ukiuliza kama ni sawa kulivaa, na Gerald akisema ni sawa, na wote wakageuka kumtazama yeye mwenye nyumba. Jua lilikuwa linahama. Walikuwa wamepanda gari tangu alfajiri, na alama zilikuwa za kikundi kizima. Violeth aliinamisha kichwa, akavaa hedifoni zake za mtu wa sauti. Wao walidhani ameitikia.

Efrazia alikuja na sufuria ya makande, kwa sababu watoto wa watu wamekuja kijijini na haifai washinde njaa. Alizunguka ukuta. Mlangoni pa nyumba yake ya zamani alisimama msichana mwenye sweta la Hilda. Glory, aliyelelewa vizuri kwao Dirma, alipomwona mama mtu mzima amebeba chakula alifanya alichofundishwa. Alisema shikamoo.

Kamera ilikuwa inawaka. Maiki ya Violeth, iliyofungwa kwenye fimbo ya mwanzi, ilikuwa juu ya kichwa cha mama yake. Hakuishusha.

*

Kila kikundi kilitakiwa kuandika tafakari, yaani kueleza jinsi filamu yao ilivyotengenezwa, kisha kuisoma siku ya maonyesho. Mwalimu Isidori alikuwa na sharti moja: "Semeni mlichofanya. Mlichokusudia kitakaa nyumbani." Kila mwanafunzi alipaswa pia kuonyesha mfano mmoja wa kazi ya mikono yake. Na kwa kuwa filamu ilipigwa Katesh, chuo kiliamua maonyesho yafanyike Katesh, ukumbi wa parokia, Jumamosi saa nane mchana, ili wananchi washukuriwe.

Gerald aliwatumia wenzake tafakari yake wairekebishe. Violeth aliisoma amekaa kwenye ngazi za maktaba. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Ukurasa wa pili ulisema: "Changamoto kubwa ilikuwa kumpata mwigizaji wa nafasi ya mama. Nilimchagua mkulima wa kawaida, nikamwelekeza kwa siku mbili juu ya kupumua na kulia, mpaka akaweza kutoa hisia niliyoihitaji."

Akaisoma tena ile *nikamwelekeza kwa siku mbili*. Haikuwa aibu aliyoizoea. Kitu kingine kilikuwa kimeamka ndani yake, kikavu na kitulivu. Alitaka Gerald aumie, tena mbele ya watu wengi. Alitaka siku moja apite kijiweni naye atupiwe neno.

Na alikuwa nalo.

Watu wa sauti wana utaratibu wao. Kila tukio likimalizika, kila mtu hukaa kimya dakika moja, na maiki hurekodi ule ukimya: upepo, wadudu, bati linalogonga. Huitwa sauti ya mahali, na hutumika kuziba mianya wakati wa kuhariri. Gerald hakuwahi kuwa na subira nayo. Siku ile, mama alipopasuka sauti, mkono wa Violeth ulifanya ulichozoea. Uliacha mashine ikiendelea kurekodi, na dakika ile yote ilikuwa kwenye kadi. Hakuna aliyewahi kuisikiliza isipokuwa yeye, tena mara moja tu.

Aliifungua mchana uleule, katika chumba cha kompyuta, dirisha likiwa wazi. Ilianza na kilio. Ikafuata sauti ya Gerald, iko karibu sana, inahema kwa furaha, ikimwambia mpiga kamera: "Usizime, Renatus, usizime. Hii huwezi kuinunua." Kikapita kimya, na mtu akiguna. Kisha Gerald tena, sasa kwa upole wa mtu anayeomba chumvi: "Mama, samahani. Unaweza kurudia ile ya mwisho? Ugeukie huku kidogo." Kilio kikaendelea. Halafu: "Violeth, umeipata?"

Na sauti ya msichana, ndogo, ya haraka, sauti ya mtu anayejibu akiulizwa:

"Nimeipata."

Ndipo zikasikika hatua zake zikikimbia.

Ilikuwa sekunde moja na nusu. Alijua kuitoa, ilikuwa ni kazi yake. Alikata, akaziba mwanya kwa upepo, akasikiliza. Hakuna sikio la binadamu ambalo lingegundua. Gerald alibaki peke yake na ubaya wake, na Violeth akabaki mtoto aliyekimbia kumdaka mama yake. Alikwenda kunywa maji. Aliporudi aliirudisha. Akaitoa tena. Hadi kengele ya saa kumi inalia alikuwa ameitoa na kuirudisha mara tatu, na kilichomshinda kilikuwa kitu kidogo: kila alipoitoa, alijisikia anaandika *nikamwelekeza kwa siku mbili*.

Akaiacha.

*

Efrazia alikuja ukumbini amevaa kitenge cha kijani. Yoakimu alimwomba avae kingine, watu wasimtambue. Akamjibu kwamba amekuja wamtambue. Alikaa benchi la pili, Tekla upande mmoja, mumewe upande wa pili. Watu walimsalimu, naye akatikisa kichwa tu. Nyuma kabisa walisimama vijana wa bodaboda, na kabla hata taa hazijazimwa mmoja alijaribu "marahaba" kwa sauti nyembamba. Yoakimu akageuka. Efrazia hakugeuka.

Filamu ilikuwa ya dakika kumi na mbili. Ilipofika mlangoni, ukumbi wote ulishtuka, kisha ukacheka kicheko kile cha watu walioshtuka. Wengi walipiga makofi. Gerald alisoma tafakari yake amesimama wima, akafika kwenye siku mbili za kumwelekeza mama, akanyoosha mkono kuelekea benchi la pili kama anayemtambulisha mgeni wa heshima. Watu wakapiga makofi tena. Efrazia alikuwa ameshika pindo la kitenge, anatazama mbele.

Glory alisoma yake, fupi. Renatus aliongelea kamera. Kisha Mwalimu Isidori akamwita Violeth, mtu wa sauti, aonyeshe mfano wa kazi yake.

Violeth hakuwa na karatasi. Alisema, na walio nyuma hawakumsikia, kwamba atawasikilizisha dakika moja ya sauti ya mahali, kama ilivyorekodiwa, bila kukatwa. Gerald, aliyekuwa anatazama simu yake, hakuinua kichwa. Violeth akabonyeza.

Pazia la picha lilikuwa jeupe. Kulikuwa na spika mbili tu na kilio, na safari hii hapakuwa na muziki chini yake wala maandishi mekundu. Hakuna aliyecheka. *Usizime, Renatus, usizime.* Gerald aliinua kichwa. *Hii huwezi kuinunua.* Alipiga hatua moja kuelekea kompyuta, na Mwalimu Isidori akamzuia kwa kumwekea mkono tu kifuani. *Mama, samahani. Unaweza kurudia ile ya mwisho?*

Mzee mmoja akasema kitu kwa Kiiraqw, kifupi, ambacho hakifai kuandikwa.

*Violeth, umeipata?*

*Nimeipata.*

Hatua zikakimbia, upepo ukavuma, bati likagonga mara mbili, na dakika ikaisha.

Tekla alikuwa amefunika mdomo kwa khanga. Gerald alitazama huku na huku akitafuta uso mmoja wa kumwelewa, asiupate, na yale yote aliyofunzwa utotoni Bashay yakamrudia kwa mara moja. Alishuka jukwaani. Alikwenda hadi benchi la pili, akapiga goti mbele ya watu wote wa Katesh, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Efrazia alimtazama. Alitazama utosi wake, kola yake safi, vidole vyake vilivyokuwa vinagusa sakafu. Kila aliyekuwepo alikuwa anasubiri neno ambalo hata mlevi hanyimwi, hata mwizi aliyefungwa kamba. Efrazia alinyanyuka taratibu, akakunja kitenge ili pindo lisimguse kijana, akampita.

Gerald alibaki amepiga goti. Kutoka nyuma, mtu wa bodaboda, yuleyule, akasema kwa upole mwingi: "Samahani, unaweza kurudia? Ugeukie huku kidogo." Kicheko kilichofuata hakikuwa cha kushtuka. Kilitoka nje ya ukumbi pamoja na watu, kikateremka barabarani, na kabla ya jioni kilikuwa kimefika stendi.

Violeth alikisikia. Kilikuwa kitamu jinsi alivyofikiri kingekuwa, na aliuonja utamu wote.

Mlangoni Glory alikuwa anangoja na mfuko wa karatasi. Alilia, akasema hakujua sweta lile ni la nani, alikuja kuambiwa baadaye, akaogopa kulirudisha. Ndani ya mfuko mlikuwa na sweta, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa kola juu. Alilitoa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

Efrazia alilipokea, akapapasa herufi ya uzi mwekundu kwa kidole gumba. Midomo ilichelewa kidogo, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

*

Njia nzima ya kurudi Yoakimu aliongea. Aliurudia mara nne mkao wa Gerald sakafuni, kila mara goti likishuka chini zaidi, na akasema sasa hata fimbo imekosa kazi. Efrazia alitembea mbele na sweta kifuani. Violeth alikuwa nyuma yao. Baba yake hakuwa ameitambua sauti ile ya pili kwenye spika, au aliitambua akaamua kutoitambua. Mama anajua sauti ya mtoto wake hata ikitoka ndani ya chungu.

Asubuhi Violeth aliamka, akafagia uwanja, akanawa uso. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni pa jikoni anachambua vitunguu saumu vya mnada, ungo magotini. Violeth alikwenda akapiga goti mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Efrazia aliendelea kuchambua. Violeth hakunyanyuka. Alisikia maji yakianza kuimba kwenye sufuria. Alisikia baba yake akikohoa zizini, kuku wakiparura, maganda ya vitunguu yakidondoka kwenye ungo. Alikuwa anaujua urefu wa dakika moja kuliko watu wengi, na ile ilikwisha, ikaanza nyingine.

"Marahaba," Efrazia alisema.

Violeth alisubiri neno la pili, lile la *mwanangu*. Mama yake alipuliza maganda, akachukua kitunguu kingine, akakigeuza mkononi.

"Umeipata?" aliuliza, bila kuinua macho.

"Nimeipata, mama."